Droni Itue Pale Pale Iliporukia

Umemaliza kupiga picha za msafara wa bibi harusi, umebonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, na droni inarudi yenyewe kama kitabu cha maelekezo kilivyosema. Inafika juu ya uwanja, inaanza kushuka. Ila haishuki kwenye mkeka ulioutandika. Inashuka mita mbili pembeni, kuelekea viti vya wageni, na wewe umeshika rimoti hujui uiache au uizuie.

Wengi wakikutwa na hali hiyo huamua kwamba droni ni mbovu, au kwamba kitufe kile si cha kuaminiwa. Mara nyingi si hilo wala hili. Droni ya kamera ya siku hizi ina uwezo wa kurudi na kutua juu ya mkeka mdogo ilikorukia, mradi imepewa nafasi ya kupakariri mahali hapo. Nafasi hiyo huipi wakati wa kutua. Unaipa katika nusu dakika ya kwanza baada ya mota kuwaka, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuruka, ingawa shida unayoiona ni ya kutua.

Setelaiti huifikisha mtaani, si mlangoni

Droni hujua ilipo kwa kusikiliza setelaiti za GPS za Marekani, na modeli nyingi huongeza GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China. Kila setelaiti hutangaza saa yake. Droni hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, kisha hukokotoa umbali. Kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, kukosea sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni kukosea sentimita 30. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi yaliyotolewa kwa matumizi ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Leo simu ya kawaida iliyo chini ya anga wazi hujua ilipo kwa tofauti ya mita tano hivi, na droni inayotegemea setelaiti tu haipishani sana na hiyo.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna jambo jingine la kuzingatia. Mawimbi ya setelaiti hupita katika tabaka la juu la anga lililojaa chembe zenye umeme, na tabaka hilo huchafuka zaidi huku kwetu kuliko Ulaya. Huchafuka hasa baada ya jua kuzama hadi karibu usiku wa manane, na zaidi katika miezi iliyo jirani na Machi na Septemba. Kwa hiyo usishangae droni iliyotua vizuri saa tisa alasiri ikatangatanga kidogo saa mbili usiku.

Kitu cha kukiweka akilini ni hiki: droni haijali kama inajua kwa usahihi ilipo duniani. Inajali kama kosa la wakati wa kuruka linafanana na kosa la wakati wa kutua. Setelaiti zikikosea mita tatu kuelekea mashariki ulipowasha, na dakika 15 baadaye zikaendelea kukosea mita tatu kuelekea mashariki, droni itatua pale pale. Taabu huja kosa linapobadilika katikati. Na hubadilika vibaya zaidi kwa mtu mwenye haraka, anayeruka wakati setelaiti zilizopatikana ni chache: alama ya nyumbani, yaani mahali droni inapopaswa kurudi, inaandikwa kwa makadirio mabovu, kisha droni ikishapanda juu ya majengo inapata setelaiti nyingi na kujua vizuri ilipo, lakini inarudi kwa uaminifu kwenye alama iliyoandikwa vibaya.

Majengo nayo huchangia. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo au kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia droni, na umbali unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Kama unaweza kutembea hadi kwenye uwazi kabla ya kuruka, tembea.

Macho ya tumboni

Geuza droni yako uitazame chini. Nyingi zina kamera moja au mbili ndogo zinazotazama ardhi, na pembeni yake sensa ya kupima umbali, ya infraredi au, kwa modeli za zamani kidogo, ya mawimbi ya sauti. Kazi yake ya kila siku ni kuishikilia droni isisogee inapoelea karibu na ardhi. DJI ilipotoa Mavic Pro mwaka 2016, kamera hizo zilipewa kazi ya pili. Droni inapopanda, zinapiga picha za ardhi iliyo chini yake na kuzihifadhi. Ikirudi, setelaiti zinaifikisha juu ya eneo, kisha kadiri inavyoshuka inalinganisha inachokiona sasa na zile picha za mwanzo. Ikipatambua mahali, inajisogeza kushoto au kulia mpaka ikae juu yake, ndipo inateremka.

Hapo ndipo mita mbili zinapogeuka kuwa sentimita. Lakini kazi hii ina masharti, na vitabu vya maelekezo vya modeli kadhaa za DJI vinayataja waziwazi. Alama ya nyumbani iandikwe wakati wa kuruka na isibadilishwe safari ikiendelea. Droni ipande wima angalau mita 7 kabla ya kwenda mbele. Sura ya ardhi isibadilike sana kati ya kuruka na kutua. Ardhi yenyewe iwe na alama za kutambulika. Theluji imetajwa kama mfano wa mahali pasipofaa. Na mwanga usiwe mkali mno wala hafifu mno.

Sharti la mita 7 ndilo linalovunjwa kuliko yote. Mtu anawasha, droni inafika usawa wa kichwa, naye tayari ameshasukuma kijiti kwenda mbele kwa sababu gari la maharusi limeshawasili. Droni haikupata picha hata moja ya maana. Baada ya hapo isilaumiwe.

Kabla ya kutegemea kazi hii, hakikisha modeli yako inayo. Droni nyingi za bei ya chini, hasa zile za kuchezea, hazina. Nyingine zina swichi yake ndani ya mipangilio ya sensa, na huenda aliyekuuzia aliizima. Soma kitabu cha modeli yako hasa, maana hata droni mbili za kampuni moja hutofautiana.

Mkeka, mchanga na mtu wa kulinda

Ardhi yetu ina uzuri unaozipa shida kamera. Mchanga mweupe wa Paje au Jambiani saa sita mchana, kwa macho ya droni, ni theluji ile ile: weupe mtupu usio na mwanzo wala mwisho, na juu yake mng'ao unaounguza picha. Sakafu ya saruji laini isiyo na nyufa ni hivyo hivyo. Vigae vilivyolowa vinaakisi mbingu. Majani marefu yanayochezeshwa na upepo hayakai sura moja hata kwa sekunde.

Tiba ni rahisi. Tandika mkeka wa ukili wenye mistari ya rangi. Mistari ile ya zambarau, kijani na nyekundu inaipa kamera kingo na pembe za kushika, na mkeka wa kawaida wa kulalia una upana wa kutosha. Uwanja wa kukunja unaouzwa madukani, wa duara lenye herufi H katikati, unafaa pia na unabebeka vizuri, lakini kama bajeti inakubana usiununue kwanza. Nunua betri ya ziada. Kanga na kikoi acha nyumbani. Upepo wa mapanga hunyanyua kitambaa chepesi, na kitambaa kikinasa kwenye panga linalozunguka droni inaanguka hapo hapo. Hata mkeka ubane: mawe manne mazito pembeni, au vigingi kama ardhi inaruhusu. Mawe yenyewe yakiwa ya rangi tofauti na ardhi ni faida, kwa sababu droni ikiwa mita tano juu inaona mkeka pamoja na kilichouzunguka.

Kwenye vumbi, kama la Dodoma wakati wa kiangazi, mkeka una kazi nyingine iliyo kubwa zaidi ya kutambuliwa. Droni inaposhuka hadi chini ya mita moja hutimua wingu, kamera za tumboni zinapofuka, na chembe za mchanga huingia kwenye mota na kwenye ule mkono mwororo unaoituliza kamera kubwa. Mwagia maji kidogo ardhi inayouzunguka mkeka.

Ufuoni, chagua mahali palipo juu ya mstari wa maji kujaa. Wakati wa bamvua, kwenye fukwe tambarare za mashariki ya Unguja, maji hutembea haraka, na sehemu uliyoiacha kavu inaweza kuwa imelowa na kubadilika rangi kabla betri haijaisha.

Epuka chuma. Dira ya droni hupima usumaku wa dunia, ambao ni hafifu sana, na nondo ndani ya zege, boneti ya gari, paa la bati au mfuniko wa chemba huuzidi nguvu kwa karibu. Dira ikidanganyika, droni inaamini inatazama upande ambao haitazami. Ikisukumwa na upepo inajirekebisha kwa kwenda upande usio wake, inajirekebisha tena, na matokeo yake inazunguka duara linalozidi kupanuka. Programu ikikuambia kuna mwingiliano wa sumaku, usikimbilie kurekebisha dira hapo hapo uliposimama. Sogea kwanza hatua kumi au ishirini. Mara nyingi onyo linaondoka lenyewe. Ukiirekebisha dira juu ya nondo, unaifundisha uongo na kuondoka nao.

Tazama na juu pia. Droni inaporudi yenyewe hushuka wima juu ya mkeka, na modeli nyingi haziwezi kukwepa kilicho pembeni au juu yake zikiwa zinashuka. Kivuli cha mwembe kinakupendeza wewe unayesubiri, lakini kutoka juu ule mwembe ni paa la matawi. Nyaya za umeme ni mbaya zaidi, kwa sababu wembamba wake unazishinda sensa nyingi.

Sasa nakuja kwenye kifaa ninachokithamini kuliko vyote katika kazi hii, nacho ni binadamu. Weka mtu mmoja wa kusimama karibu na mkeka tangu droni inaporuka hadi inapotua. Kumbuka sharti lile la sura ya ardhi kutobadilika. Kwenye sherehe, droni ikishaondoka, uwazi ulioacha huwa mahali pazuri pa kusimama: watoto wanaukalia mkeka, kina mama wanakuja kupiga picha, dereva anaona ameachiwa nafasi ya kuegesha. Droni ikirudi haioni tena mkeka wenye mistari. Inaona paa jeupe la gari. Msaidizi mwenye adabu anayesema, "Mama zangu, naomba tuache nafasi hapa, kuna ndege inashuka," anafanya kazi ambayo hakuna sensa inayoiweza. Pia anazuia vidole vya watoto visifike kwenye mapanga, na hilo ni kubwa kuliko usahihi wote.

Nusu dakika ya kwanza

Futa lenzi za tumboni kwa kitambaa laini. Weka droni katikati ya mkeka, kichwa kikitazama mbali nawe. Washa rimoti kwanza, kisha droni, halafu subiri. Usiangalie tu kama inaruhusu kuruka. Angalia idadi ya setelaiti. Kumi zikipatikana na hazishuki, hali ni nzuri, na zikizidi hapo ni bora zaidi. Subiri programu itangaze kwamba alama ya nyumbani imeandikwa, kisha fungua ramani uone herufi H ilipokaa. Ikiwa imekaa ng'ambo ya barabara, zima uanze upya. Hii ni hatua ya sekunde tano na watu wengi hawaifanyi.

Panga urefu wa kurudi. Tafuta kitu kirefu kuliko vyote kati yako na pale droni itakapokwenda, ongeza mita 10 au zaidi. Mnazi mkongwe unaweza kukaribia mita 30, na minara ya simu hupita hapo. Wakati huo huo usivuke kimo kinachoruhusiwa na sheria. Kenya, kwa mfano, kikomo cha kawaida ni futi 400, yaani mita 120 hivi.

Pandisha droni hadi mita moja na nusu, uachie vijiti. Itazame kwa sekunde kumi. Ikikaa kimya, vizuri. Ikianza kusogea upande mmoja au kuchora duara, iteremshe mara moja utafute mahali pengine, maana hiyo ndiyo dira inayolalamika, na ni heri ilalamike hapa kuliko mita 80 angani.

Kisha ipandishe wima. Kijiti cha kupandia tu, taratibu, kidole kisiguse kijiti kingine. Upepo utaiyumbisha nayo itajirudisha yenyewe, iache. Kitabu kinasema mita 7, mimi nakushauri ufike 10 na kutulia hapo kidogo, kwa sababu picha iliyopigwa kwa utulivu inasomeka vizuri zaidi wakati wa kurudi. Sasa nenda kapige kazi yako.

Kwa anayebadilisha betri: kila unapozima na kuwasha, alama ya nyumbani inaandikwa upya, na picha za ardhi zinapigwa upya. Ukiirusha mara ya pili kwa haraka kutoka pale ulipobadilishia betri, kando ya boksi la vifaa, hapo kando ya boksi ndipo itakaporudi.

Kurudi

Rudi mapema. Betri ikiwa asilimia 30 hivi, anza safari ya nyumbani, na kama kwenda ulisukumwa na upepo, anza mapema zaidi. Kwenye pwani hili linategemea majira. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, unavuma kutoka kusini mashariki, na kwa ufuo unaotazama mashariki unasukuma droni kuelekea bara. Kaskazi hubadilisha hesabu hiyo kuanzia Desemba. Kabla ya kuruka jua ni upande gani utakaopigana na upepo, kisha pangilia kazi yako ili safari ya kwenda iwe ndiyo ya kupigana. Usahihi wa kutua unahitaji muda, na betri iliyobakiwa na asilimia 8 haina muda wa kumpa mtu: inateremka popote ilipo.

Ukitumia kitufe cha kurudi, kibonyeze droni ikiwa bado mbali kidogo. Modeli kadhaa zikiwa ndani ya mita chache za nyumbani hutafsiri kitufe hicho kuwa amri ya kutua hapo hapo zilipo, bila kwenda juu ya alama. Kama tayari iko karibu, ilete mwenyewe kwa mkono.

Inaposhuka, kuna wakati utaiona inapunguza mwendo, inasita, halafu inateleza pembeni kidogo. Usiishike. Hapo inalinganisha picha, na mtu anayesukuma kijiti katika sekunde hizo anaitoa kwenye kile ilichokuwa imeshakitambua. Vijiti vinafanya kazi wakati wote wa kushuka, lakini vitumie tu ikiwa unaona waziwazi inaenda kusikofaa. Ikisimama nusu mita juu ya ardhi na kukataa kuteremka, mfumo wake wa ulinzi haukiamini kilicho chini: labda ni maji, labda mteremko, labda mtu amesogea. Tazama kwanza kwa macho yako, ndipo uithibitishie kwa kushikilia kijiti chini.

Jifunze pia kutua kwa mkono, hata kama droni yako ni hodari. Ilete juu ya uwanja, mkia ukiwa upande wako ili kushoto kwake kuwe kushoto kwako. Elekeza kamera kubwa chini kabisa, nyuzi 90, na uwashe mistari ya kugawa skrini. Weka mkeka katikati ya mistari, halafu teremka. Njia hii inafaa kwa sababu kamera ile imetulizwa: droni ikiinama kupambana na upepo, kamera haiinami nayo, kwa hiyo skrini inakuambia kweli kilicho chini. Kumbuka tu kwamba kamera iko puani, si tumboni. Juu angani tofauti hiyo haionekani, lakini chini ya mita mbili mkeka ulio katikati ya skrini uko mbele kidogo ya tumbo la droni, hivyo isogeze mbele kidogo kabla ya kumalizia.

Teremka polepole. Ukishuka wima kwa kasi, droni inaingia ndani ya upepo wake yenyewe uliochafuka, inaanza kutetemeka na kupoteza nguvu. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mota hufanya kazi zaidi kuliko Mombasa. Ukiona mtetemeko, isogeze mbele itoke kwenye hewa hiyo kisha uendelee. Ikifika mita mbili, inua kamera itazame mbele ili lenzi isipigwe vumbi. Sentimita 50 za mwisho zina hewa inayobanwa kati ya mapanga na ardhi, na hewa hiyo huisukuma droni pembeni. Mtu anayesitasita hapo ndiye anayeteleza hadi nje ya mkeka. Vuta kijiti chini kwa mkono mmoja usiosita, ukishikilie mpaka mapanga yasimame kabisa.

Kuna wanaoidaka droni kwa mkono. Watengenezaji hawalishauri jambo hilo, na kwenye mkusanyiko wa watu nami nalipinga kabisa. Panga la plastiki linakata kidole na linaharibu jicho.

Usiku na majini

Usiku, macho ya tumboni yanahitaji mwanga. Vitabu vingi vya DJI vinataka zaidi ya luksi 15, ambao ni mwanga hafifu lakini si giza. Baadhi ya droni, kuanzia Mavic 2 ya mwaka 2018, zina taa ndogo tumboni ya kusaidia kutua. Kwa nyingine, weka taa mbili pembeni mwa mkeka zikiumulika mkeka wenyewe, zisielekee juu. Zibaki zikiwaka tangu kuruka hadi kutua, maana mkeka uliopigwa picha gizani hauwezi kutambuliwa mwangani. Kuruka usiku kwenyewe kunahitaji kibali maalumu katika nchi nyingi, zikiwemo zetu.

Kwenye jahazi au boti, sahau kila kitu nilichosema kuhusu picha za ardhi. Nyumbani kunatembea. Alama iliyoandikwa ulipong'oa nanga sasa ni maji matupu, na droni ikipoteza mawasiliano itakwenda kutua juu ya maji hayo. Modeli nyingi hukuruhusu kuhamishia alama ya nyumbani pale ilipo rimoti. Fanya hivyo kila baada ya dakika chache, na utue kwa mkono, chombo kikiwa kimesimama na tanga limeteremshwa. Karibu na uso wa maji kamera za tumboni hufuata mawimbi na kuiburuta droni nayo, kwa hiyo iweke juu mita kadhaa mpaka dakika ya mwisho. Ushauri wangu kwa anayepiga picha za jahazi Lamu au Nungwi ni kurusha kutoka ufukweni na kurudi ufukweni, hata kama itakugharimu picha mbili tatu.

Pima, uandike

Tenga asubuhi moja isiyo na upepo, kwenye uwanja wa mpira. Tandika mkeka, irushe kwa utaratibu wote, iende mita 50, ibonyezee kitufe, iache itue bila kuigusa. Chukua futi ya fundi upime kutoka katikati ya mkeka hadi katikati ya droni, na uandike pia imeangukia upande gani, saa ngapi, na setelaiti zilikuwa ngapi. Rudia mara nane au kumi.

Halafu soma ulichoandika. Ikiwa makosa yametawanyika pande zote, mita moja huku, mita mbili kule, basi macho ya tumboni hayakufanya kazi na droni imetegemea setelaiti tu: rudi kwenye masharti, anzia na mita 7, lenzi chafu na swichi ya mipangilio. Ikiwa makosa ni madogo lakini yote yameelemea upande mmoja, mtuhumiwa ni kamera za tumboni zilizopoteza vipimo vyake, pengine baada ya kuanguka. Programu nyingi zina hatua za kuzirekebisha, nyingine kwa kuiunganisha droni na kompyuta. Na ikiwa inatua vizuri mkekani lakini vibaya mchangani, huna tatizo la droni.

Wanaojiundia droni wana njia zao. Programu huria ya ArduPilot inakubali taa ya infraredi iliyowekwa katikati ya uwanja, nayo droni huifuata hadi chini. Wengine huchapisha alama za mraba za AprilTag, zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Michigan, zikasomwa na kamera ndogo. Kwa kazi ya upimaji kuna RTK, ambapo kituo kilicho ardhini huitumia droni masahihisho ya setelaiti na kosa kushuka hadi sentimita chache. Na Rwanda, ambako Zipline inasafirisha damu kwa ndege zisizo na rubani tangu Oktoba 2016, ndege hizo hazitui kwa magurudumu. Hunaswa na kamba kati ya nguzo mbili kwa kulabu ndogo ya mkiani. Hayo yote ni mazuri, lakini kwa mwenye droni ya harusi mkeka na mita 10 za kwanza vinatosha.

Vibali usivirukie. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Kenya ina za mwaka 2020, na hifadhi za taifa zina masharti ya ziada.

Mwisho, siku itafika ambapo umefanya kila kitu na bado droni inashuka pembeni. Ukiwa na betri zaidi ya asilimia 20, ghairi kutua, ipandishe tena hadi mita 10 juu ya mkeka, itulie, kisha uiteremshe mwenyewe kwa kutazama skrini. Chini ya asilimia 15 usiutafute tena mkeka. Chagua uwazi wowote usio na watu, iteremshe hapo, na umtume msaidizi wako akaichukue mapanga yakishasimama.